Namba ya Sikuli

Muzee Sikuli alikuwa fundi wa mabomba Goma, na siku hiyo alikuwa na hasira. Vita ya Rutshuru ilikuwa imesukuma watu mpaka kambi ya Munigi, na maji yao yalipaswa kupandishwa toka ziwani. Injinia Guylain, wa ofisi moja ya mtaa wa Himbi, akaleta mabomba ya chuma yaliyofukuliwa chini ya lava.

“Munigi iko mita mia moja makumi munane juu ya ziwa,” Sikuli alimwambia. “Kila mita kumi ni bar moja ya presha. Ni bar kumi na munane, na pampu ikishtuka presha inapita pale! Hii chuma ilipikwa na lava, kutu ikaila. Itapasuka katikati ya wamama wenye bidoni za maji!”

Guylain aligonga bomba kwa kalamu. “Papa, hapa imeandikwa bar 25. Na hili si jina lako?”

Lilikuwa jina lake. Miaka kabla ya volkano kulipuka, alilijaza bomba lile maji, akalisukuma kwa pampu, akaona linashika bila kuvuja, ndipo akachonga namba na jina lake. Leo mkono wake mwenyewe unaitwa shahidi wa uongo! Damu ikamchemka.

“Niliandikia bomba nzima, sikuandikia hii maiti!”

Akawasha mashine ya kusaga chuma ili aifute ile namba. Cheche zikaruka. Kabla hata ile 2 haijafutika, diski ikatoboa bomba mpaka ndani.

Sikuli akazima mashine.

“Haya, injinia. Isome tena.”