Tembe za Nyongeza

Kayole watu huniita daktari, na nimechoka kuwasahihisha. Mimi ni Patrobas, mhudumu wa afya wa jamii. Nina mkoba, mashine ya kupima presha na daftari la kuandika nani anakohoa tangu lini, basi. Mwaka jana niliongezewa kazi. Kliniki moja ya utafiti upande wa Donholm ilikuwa inatafuta watu wenye presha wa kujitolea kujaribu dawa mpya, nami nikaombwa niwatafute. Wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Kageha.

Kageha anauza sukuma wiki kando ya Spine Road, na si mafungu tu, anakukatia. Ukitoka kazini jioni unamkuta amekalia ndoo, kisu kinakwenda bila yeye kukiangalia. Akishajaza mfuko unasema kile ambacho kila mtu husema, "Mama, si uniongeze," naye anaongeza konzi moja. Wapo wauzaji wanaotoa nyongeza kama mtu anayeng'olewa jino. Kageha hukasirika usipoiomba. Husema nyongeza haijawahi kuwa yake, ni ya mwenye kuomba, yeye anamshikia tu.

Alizaliwa Vihiga. Mama yake alianguka shambani jembe likiwa mkononi, presha hiyo, na alikuwa mdogo kuliko Kageha alivyo sasa. Nilipomweleza habari za utafiti hakuuliza atapewa nini. Aliuliza kama hao watu wanaweza kujua kwa nini presha inaandama watu wa kwao. Nikamjibu kwamba huenda siku moja wakajua.

"Basi waniandike," akasema.

Chini ya mwavuli huohuo anakaa Mirriam, mtu wa Murang'a, anayeuza nyanya na vitunguu. Miaka kumi na minne wamekaa bega kwa bega wakitaniana kwa makabila yao. Mirriam husema Kageha haendi harusi bila mfuko wa kubebea kuku, na Kageha husema Mirriam hata salamu huzipima kwanza kwenye mizani. Mirriam pia ana presha, kwa hiyo walienda kliniki pamoja, wamevaa nguo za kanisani, wakatolewa damu. Baada ya wiki moja Kageha alikubaliwa. Mirriam aliambiwa figo zake haziko sawa, kwamba dawa inayojaribiwa ingeweza kumdhuru, aendelee na tembe zake za siku zote na amwone daktari wa figo.

"Hata kwa kujaribiwa nimekataliwa," aliniambia, na nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Siku ya Kageha kuweka sahihi nilikuwepo, kusaidia palipo pagumu. Nesi Iqra alisoma fomu nzima, kurasa tisa, polepole, kwa adabu. Akafika mahali paliposema, "Tembe hii haichukui nafasi ya matibabu yako ya sasa bali hutolewa sambamba nayo." Kageha akatazama ukuta. Mimi huwa najisifu kwamba najua kurahisisha mambo, basi nikaingilia.

"Mama Vivian," nikasema, maana sote humwita kwa jina la binti yake, "dawa zako za kila siku unaendelea nazo. Hii ya utafiti ni ya nyongeza."

Uso wake ukafunguka. "Aa. Nyongeza."

Iqra alinishukuru, akaendelea. Alisoma kwamba nusu ya watu watapewa tembe isiyo na dawa yoyote ndani, inayofanana na nyingine kwa rangi na ukubwa, na kwamba hata yeye hajui kopo gani lina nini. Kageha alisema ameelewa. Alipoulizwa kama ana swali, alisema hana. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikueleza jambo saa nzima, kumwambia hujaelewa ni kama kumwambia amepoteza saa yake.

Miezi minne ilipita vizuri. Kila mwezi Kageha alirudisha kopo, Iqra akaona haijabaki hata tembe moja, akampongeza. Presha yake ilikuwa imetulia. Wengine walirudisha makopo nusu na visingizio tele. Mimi nilimtaja kwenye mikutano kama mfano wa mtu mwaminifu.

Kisha Jumanne moja asubuhi Mirriam alianguka akipanga nyanya. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande. Walimkimbiza hospitali, na kabla ya saa sita mwanawe, Wachira, akanipigia simu.

"Daktari, hawa wasee wa hospitali wanauliza mathe alikuwa anameza dawa gani. Nimesaka kwa keja yote, hadi chini ya kitanda. Zile za presha ziko tu hapa, hajagusa tangu April. Lakini neighbour anasema alikuwa anameza kitu kila asubuhi huko kazini."

Nilienda moja kwa moja hadi kwa Kageha. Kisu kilikuwa mapajani, hakikati kitu.

"Nikikuambia kitu utanichukia," akasema.

"Sema tu."

"Zile za nyongeza nilikuwa nampa yeye."

"Zote?"

"Zote. Mimi si nilikuwa na zangu za kawaida? Yeye alifungiwa mlango, Patrobas. Alikuwa anakuja asubuhi, ananyoosha mkono, anasema niongeze. Ningesema nini? Na mlisema ni nyongeza."

Niliketi juu ya gunia la vitunguu la Mirriam. Kichwani nilikuwa tayari natafuta wa kumlaumu, na nilimpata haraka sana, mwanamke mjinga aliyegawa dawa. Hasira hiyo ilinikaa vizuri kwa dakika chache.

Nikamwambia ukweli ulivyo. Kama kopo lake lilikuwa na dawa, madaktari lazima wajue sasa hivi kwa sababu ya figo za Mirriam. Kama halikuwa na dawa, basi Mirriam ameishi tangu Aprili bila dawa yoyote, akidhani anameza ya kizungu iliyo kali kiasi kwamba ile ya kwake haina kazi. Vyovyote vile, ni lazima aseme.

"Sikujua ameacha zake," akasema. "Hakuniambia. Nikienda kusema, Wachira atasema nimeua mama yake."

"Bado hajafa."

"Kwako wewe ni rahisi kusema."

Akachukua fungu la sukuma, akalikata lote. Akachukua la pili. Hakuna mteja aliyekuwa mbele yetu. Nilikaa tu nikiangalia majani yakijaa kwenye beseni, nikiwaza Mirriam kitandani na daktari asiyejua pa kuanzia. Nilitaka kumpigia kelele na sikuweza. Alipomaliza fungu la tatu, alifunika beseni kwa gunia, akafuta mikono kwa leso.

"Twende," akasema.

Kule kliniki Iqra hakupandisha sauti, na nadhani Kageha angependa apandishe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nani alikuambia ni za kugawa?"

"Hakuna. Niliambiwa ni nyongeza."

Iqra akageuka kuniangalia. Hapo ndipo jambo liliponifikia, muda wote huo sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimemwambia mwanamke wa sukuma, kwa lugha ya kazi yake mwenyewe, kwamba dawa ile ni ya mwenye kuomba.

"Neno hilo ni langu," nikasema. Hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda tena.

Kwa jambo la dharura kama lile, daktari mkuu wa utafiti anaruhusiwa kufungua siri ya kopo. Tulingoja kwenye kiti kirefu. Kageha alikuwa akiomba kwa Kimaragoli, midomo tu inacheza. Baadaye aliniambia hakujua aombe jibu lipi, kwa sababu yote mawili yalikuwa mabaya, basi akawa anataja jina la Mirriam tu.

Iqra alirudi akachuchumaa mbele yake. "Hazikuwa na dawa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikueleza siku ile kwamba inawezekana."

"Ndiyo," Kageha akasema. "Nilikuambia nimeelewa."

Hospitali walipigiwa palepale, wakaanza matibabu wakijua pa kuanzia. Kageha alisisitiza kumwambia Wachira mwenyewe. Alimwambia wakiwa wamesimama kwenye korido, bila kuficha kitu, na mimi nikaongeza habari za neno langu.

"Alikuwa ananishow amepona," kijana akasema, kisha akatuacha hapo akarudi wodini.

Mirriam alitoka baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia haujarudi, na maneno yanamtoka machache, yamekatika. Kageha huenda kwake kila asubuhi kabla ya kufungua biashara, anamnywesha uji, na Wachira humfungulia mlango bila kumwamkia. Mimi hupita kupima presha. Kliniki haikumfukuza Kageha, waliandika tu yaliyotokea, lakini makopo mapya hataki hata kuyaona.

Wiki iliyopita niliwakuta uji ukiwa karibu kwisha. Mirriam alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Nikuongeze?" Kageha akauliza, akakishika kikombe cha uji.

Mirriam akatikisa kichwa. Akapeleka mkono mdomoni, akameza hewa, akaunyoosha tena. Alitaka tembe yake. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia ukweli wa tembe zile. Wachira hakuweza, na sisi kila siku tulisema kesho.

Kageha aliniangalia. Kwa hili sikuwa na neno rahisi la kumpa, na hata ningekuwa nalo ningelimeza. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mirriam, zile hazikuwa na dawa," akasema. "Miezi yote ile nilikuwa nakupa bure."

Mirriam alimtazama usoni. Mkono wake ulibaki wazi hivyo hivyo.