Kompyuta Iliyozikwa Ikiwa Hai

Atupakisye hasahau. Waliosoma naye Masukulu watakwambia kwamba msichana aliyemkanyagia daftari darasa la tatu alisubiriwa mpaka darasa la saba, na siku ilipofika alilipwa yote. Wala hana kelele. Ukimkosea atakuamkia vizuri, atakukaribisha ndizi, kumbe moyoni ameshakuandika.

Huu ni mwaka wake wa kumi na nne ukarani katika shule moja ya sekondari huko Lufingo, wilayani Rungwe. Walimu wanamwita Mama Tulia, kwa jina la binti yake. Alama za kila mwanafunzi anaziingiza yeye, kwenye kompyuta moja tu ya ofisi, nzee kiasi kwamba herufi nyingine zimefutika na yeye hubonyeza kwa kumbukumbu ya vidole.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alikwenda Matwebe kumzika shangazi yake. Aliporudi Jumatatu aliikuta kompyuta inawaka upesi, ila ndani tupu kama debe. Alama za vidato vyote hazikuwepo. Fundi Erasto wa Tukuyu mjini alikuwa amepita Ijumaa kuisafisha, basi mkuu wa shule, Mwalimu Geresoni, akampigia simu na kuweka sauti kubwa ofisini, mbele ya walimu.

"Mkuu, mimi nilipuliza vumbi tu nikaondoka," Erasto alisema. "Window sikupiga. Faili niliziacha zote. Muulize mama yako huyo leo asubuhi kabonyeza nini. Hawa wa enzi za taipu ndivyo walivyo!"

Kupiga window, kwa wasiojua, ni kuifuta mashine yote na kuianza upya kama mtoto aliyezaliwa leo. Erasto alikana, na walimu wakacheka. Wiki tano Atupakisye alichapa upya zile alama kutoka kwenye makaratasi, mpaka kiganja kikavimba. Lakini uvimbe ulipona. Kicheko ndicho kilichobaki.

Mwaka huu kompyuta ikaanza kujikokota. Unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi na ndoo, bado inazungusha kiduara chake. Jumatatu moja Mwalimu Geresoni alichoka.

"Mama Tulia, Erasto anakuja Alhamisi. Na safari hii alama zikipotea, utakwenda kusimamia stoo ya maharage. Kompyuta atashika mwingine."

"Sawa, mkuu," alijibu, akatabasamu. Wale wa Masukulu wangeliona tabasamu lile wangehama njia.

Aliamua jambo moja: Erasto atakuja, na hatakuta ugonjwa wa kutibu.

Jumanne alitazama mafunzo kwenye simu yake, akiandika kila hatua kwenye daftari. Kwanza alinakili alama zote kwenye flashi mbili, moja akaifunga kwenye kamba ya ufunguo wa nyumbani. Kisha akafungua ile orodha inayoonyesha ni programu gani inakula nguvu ya mashine. Alibaki mdomo wazi. Kumbe mashine ukiiuliza inakueleza yote, ila hakuna aliyewahi kuiuliza!

Ndani mlikuwa na antivirusi tatu. Tatu! Zilikuwa kama walinzi watatu wa geti moja wanaopekuana wao kwa wao huku wageni wamepanga foleni. Hakuna aliyeziomba, na fundi wa mashine ile ni Erasto peke yake. Akabakiza moja. Programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe kila asubuhi, muziki, michezo na takataka nyingine, akazizuia. Akamwaga kapu la taka lililokuwa halijamwagwa tangu mwaka jana, akafuta na mafaili ya muda, diski ikapata pumzi.

Bado mashine ilikuwa na joto la chungu. Akainama kuitazama. Alikuwa ameivalisha kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono yake, isipate ukungu wa Julai. Nyuzi zilikuwa zimeziba matundu yote ya feni. Akakivua, akasafisha matundu kwa brashi ya rangi, na kitambaa akakitia kwenye mkoba chinichini. Hilo hakumwambia mtu. Kisasi hakihitaji kujua kila kitu.

Jumatano, akikagua ukurasa wa habari za mashine yenyewe, alikutana na mstari mmoja: siku window ilipopigwa. Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi mwaka jana, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo yeye alikuwa Matwebe, anatupia udongo kaburini.

Alisoma mara tatu. Angeweza kumwita mkuu palepale. Lakini alichekwa hadharani, na yeye alitaka hadhara ileile.

Alhamisi mvua ilinyesha, na walimu wote walijazana ofisini kunywa chai. Erasto akaingia na begi lake, viatu vimejaa tope.

"Mama, kumbe bado upo?"

"Nipo, baba. Karibu chai."

Erasto akaigonga kompyuta kwa kidole kimoja. "Mkuu, hii ni marehemu. Hata kuiwasha ni kuonea umeme. Dawa ni moja tu, kupiga window."

"Hujaiwasha, fundi," alisema Atupakisye.

"Mama, daktari mzoefu humjua mgonjwa akiwa bado mlangoni."

Walimu wakacheka. Akawaacha wacheke mpaka wamalize.

"Na mara ya mwisho window aliipiga nani?"

"Nijuaje? Labda huko ilikonunuliwa. Mimi sijawahi, naapa mbele ya mkuu."

Ndipo Atupakisye alipoiwasha. Mwalimu Asukile wa hisabati akahesabu sekunde kwa sauti. Alipofika thelathini na nane, kioo kilikuwa kimefunguka chote na faili la alama liko wazi.

"Fundi!" Asukile akapiga kelele. "Marehemu anaomba chai!"

Atupakisye akafungua ule ukurasa. "Hebu nisomee mstari huu, fundi. Macho yangu ni ya enzi za taipu."

Erasto akasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti, baba."

Erasto akainamia begi lake. Mwalimu Geresoni akasogea, akasoma yeye, halafu akavuta kitabu cha wageni. Ijumaa ile, sahihi ya Erasto, kuingia saa tatu na nusu.

"Mkuu, tarehe za hizi mashine huwa zinakosea..."

"Na mwandiko wako nao umekosea? Ruhusa ya msiba ya mama huyu nilisaini mimi mwenyewe!" Mkuu akamgeukia karani wake, akashindwa kumtazama usoni. "Mama Tulia, kiti ni chako. Nisamehe."

"Mama, nisamehe na mimi," Erasto akadakia, amenyoosha mikono miwili. "Ni shetani tu."

"Wiki tano, fundi. Sikumwona shetani akinisaidia kuchapa."

Mikono hakuipokea. Akachapisha ule ukurasa nakala tatu: moja ya mkuu, moja ya ubao wa matangazo, na ya tatu akamtilia Erasto mfukoni mwa koti, akaipapasa ikae vizuri. "Kawaonyeshe wateja wako wa mjini."

Erasto akashika begi, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi? Chai yangu hujanywa. Mgeni haondoki hivyo kwetu."

Mgeni wa Rungwe hakatai kilichomiminwa. Erasto akakaa katikati ya walimu, akanywa inavyochoma, na safari hii waliokuwa wakicheka walimcheka yeye. Alipofika chini ya kikombe, Atupakisye akanyanyua chupa, akamjazia tena.