Betri Juu ya Turubai

Kwa miaka hii miwili nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wawili: mguu wa mama yangu na betri ya kigari cha umeme. Mguu una kidonda cha sukari kinachokataa kupona. Betri haina kidonda, lakini kwa madeko inaushinda mguu.

Kigari hicho cha magurudumu manne alitununulia kaka yangu kitubebee mahindi shambani, huku Lugari, kwenye vijia ambavyo gari la kawaida halithubutu mvua ikinyesha. Mimi nilikipendea jambo jingine. Kila Jumatatu kilimfikisha mama zahanati ya Chekalini kufungwa kidonda, bila yeye kukanyaga chini.

Fundi wetu, aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, alinipa masharti kama ya mganga. Betri ikitoka kazini moto, isichajiwe mpaka ipoe. Isiachwe iishe kabisa. Isilowe, wala isianikwe juani.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," akanicheka.

Basi kila jioni niliichomoa, nikaipangusa tope, nikangoja ipoe, na ugali wenyewe bado haujasongwa. Nilichoka. Nilichoka hadi nikawa nasinzia kanisani nimesimama.

Jumapili moja ya msimu wa kuvuna nilirudi kutoka ibadani nikajilaza kidogo, viatu miguuni. Siku iliyotangulia kigari kilikuwa kimevuka kijito, na betri ilikuwa na unyevu pembeni. Nilikuwa nimeiacha kivulini barazani. Mama akaiona. Na huku kwetu kitu chenye unyevu dawa yake ni moja: turubai. Mahindi, maharagwe, magodoro, vyote huanikwa. Akajikongoja, akaiburuta hadi katikati ya mahindi yaliyoanikwa, kisha akaketi kando na fimbo ya kufukuzia kuku.

Nilipoamka jua lilikuwa kali. Nikamkuta anaigeuza.

"Huku kumekauka," akaniambia kwa fahari. "Kumebaki huku tu."

Ganda la betri lilikuwa limefura. Nilimwondoa mama hapo upesi, nikavuta mahindi mbali kwa reki, nikampigia fundi. Akasema tusiisogelee, inaweza kulipuka, na kamwe nisiichaji tena. Alikuja kuichukua akiwa na ndoo ya mchanga.

Nilimfokea mama kama mtoto. Nilimwambia ameua miguu yake mwenyewe. Akasubiri nimalize.

"Nilitaka tu na wewe ulale," akasema. "Wewe hulalangi."

Hata hivyo hasira haikuniisha.

Jumatatu ikafika. Kwenye pikipiki hawezi kuketi, mguu haukunjiki. Nikatandika gunia na blanketi ndani ya wilbaro, nikampakia, tukaondoka. Majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi walitupungia mkono. Yeye aliwajibu wote, mmoja mmoja, kana kwamba amepanda gari la gavana.

Kwenye mwinuko kabla ya barabara kuu mikono yangu ilikataa. Nikaiweka wilbaro chini, nikainama, nikihema. Mama alinitazama. Kisha akashika mkongojo, akaanza kuteremsha ule mguu, bendeji ikiwa imeshalowa.

"Unaenda wapi?"

"Ingia wewe," akasema. "Nitakusukuma mpaka hapo juu tu."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa akinitania.