Dawa Iliyopoteza Uchungu

Mwaka 1974, Persis wa Marani alikuwa akimbandulia mkemia mmoja wa Nairobi magome ya mti wa dawa ya saratani. Siku hiyo mkemia alimchorea umbo la chembe ya dawa.

"Mama, unaona kimkia hiki? Ndicho kinachoua uvimbe. Magadi hukikata, dawa ikabaki maji matupu."

Persis aliuangalia tena mchoro ule. Magadi! Nani Kisii hupika mboga chungu bila magadi? Naye, kwa huruma tu, alikuwa akiyatia katika magome aliyomchemshia mumewe, Mogire.

Alikimbia nyumbani. Mogire alikuwa amejilaza, shingo imemvimba, akiweka chini kikombe kitupu.

"Mama Orpah," alisema akitabasamu, "tangu Pasaka dawa yako haina uchungu hata kidogo."