Mabonde Mawili ya Nyota ya Shemeji

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ana miaka kumi na tisa akikagua grafu za mwanga wa nyota pale chuoni. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hufifia kidogo, na kwenye karatasi mstari hubonyea kama bonde. Yeye huyapima mabonde hayo, ili wakubwa wajue ni nyota ipi ya kuchunguzwa zaidi, huenda ina sayari ya kukalika.

Mwezi wa kumi na mbili aliona bonde zuri, akamwambia kaka, fundi cherehani ambaye mapafu yalikuwa yamemlaza nyumbani miezi mitano. Kaka akapata uhai. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa, "Mama watoto kanipatia kiwanja mbinguni. Bado hati tu." Akaanza hata kumaliza uji.

Jumanne hiyo nilimkuta ameketi kitandani, miwani puani, futi ya kushonea mkononi, anapima grafu mpya aliyoitoa kwenye mkoba wa mkewe.

"Hebu njoo," alimwita shemeji. "Mabonde haya hayalingani. Moja limezama sana, linalofuata kidogo, tena kwa zamu. Ningekata suruali hivi, mwenyewe angenivalisha shingoni."

Shemeji alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ni nyota mbili, baba watoto. Zinazungukana, zinazibiana mwanga. Sayari hakuna."

"Umejua lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Ukaniacha niwatangazie watu kiwanja!" Kaka alicheka, kikohozi kikamkatiza. Tulimshika mabega hadi kikapita.

"Ulikuwa unakula," shemeji alisema.

Kaka akaikunja futi taratibu. "Fomu ya kuiondoa nyota umejaza?"

"Bado."

"Miaka yote hiyo hujaacha kosa kwenye karatasi ukilijua. Usianze kwa ajili yangu."

Akageukia ukutani. Uji wa jioni haukuguswa.

Asubuhi iliyofuata shemeji alifika chuoni kabla mlango haujafunguliwa. Alijaza fomu ya kuiondoa nyota ile kwenye orodha, na penye maelezo akaandika kwamba alijua tangu wiki tatu nyuma. Kisha akaomba likizo ya kumuuguza kaka, na mahali pa tarehe ya kurudi akapaacha wazi.