Shuka la Mama Mkubwa

Mama yangu alikuwa na ugonjwa mmoja, nami niliurithi: hakuweza kwenda kwa mtu mikono mitupu. Jirani akijifungua, mama atakwenda kumwona siku ya saba, kwa sababu siku ya kwanza hajapata cha kubeba. Na hakuwa peke yake. Sisi wa Mahajanga, hapa Madagaska, ambao babu zetu walitoka Ngazija wengi tuko hivyo. Tunaona aibu kufika kabla zawadi haijawa tayari, hata kama anayetungoja anatutaka sisi tu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Posta ilikuwa imeshapandisha bendera mpya, ila karani alikuwa yule yule Mfaransa, na hasira zake zile zile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeachika, nimerudi kwa mama na cherehani yangu. Mama alikaanga mokari asubuhi, ndivyo tunavyoita vitumbua vyetu vya mchele na nazi, nami nilishona na kutarizi. Tuliishi vizuri. Tuligombana kila siku na kupatana kila siku.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Nosy Be, kisiwa cha kaskazini. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na minne. Hapakuwa na ugomvi wowote. Kila mwaka walisema mwaka kesho, basi.

Siku moja mke wa baharia akatuletea salamu kutoka huko: "Mwambie mdogo wangu macho yangu yanafifia. Aje nimwone kabla hayajafunga."

Mama alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akajifuta kwa pembe ya leso, akanitazama, akasema, "Basi tumtarizie shuka la kitanda."

Nami nilimwelewa! Ndiyo ajabu yenyewe. Sikumwambia, mama, huyu anapoteza macho, tupande meli kesho. Nilimuuliza anataka maua ya rangi gani. Kwetu zawadi ya dada baada ya miaka kumi na minne hainunuliwi dukani kwa Mhindi. Lazima itoke mikononi mwa watu wa nyumba yako, kwa sababu wanawake wa mtaa wake watalikunjua shuka, watalipitisha mkono kwa mkono, na watageuza upande wa nyuma kutafuta mafundo. Kwa hiyo nilitarizi mbele na nyuma kwa uzuri ule ule. Nikikosea tundu moja, nafumua mstari mzima. Mimi ni mtu wa kiburi na sindano yangu, sifichi.

Miezi ikapita hivyo. Mvua zilikuja zikaisha. Meli ilipoondoka, mama alisema tutapanda inayofuata, na ile inayofuata ilipoondoka mimi nilikuwa bado nafumua jani.

Kisha yule mke wa baharia akarudi. Alikaa kibarazani kwetu, akala mokari mbili, akasema bila kukusudia kutuumiza, "Dada yako siku hizi anachagua mchele kwa kupapasa."

Mimi nilikuwa na shuka mapajani, na ghafla nikaliona lilivyo. Miezi minane nilikuwa nimetengeneza kitu cha kutazamwa, kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa akipofuka huku nikitengeneza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, hata siku ya talaka.

Nikakunja shuka, pembe moja ikiwa nyeupe haina hata ua moja, nikaificha ile pembe ndani kabisa. "Limekwisha," nikamwambia mama. "Tunaondoka Alhamisi."

Aligundua melini, siku ya pili, alipolifungua ili alipigishe upepo. Aliniita mwongo mbele ya abiria wote, pamoja na mbuzi wao. Hakunisemesha mpaka tuliposhuka Andoany, bandari ya Nosy Be.

Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa mwisho wa mji, karibu na mashamba ya milangilangi. Alichuma maua hayo miaka mingi. Wachumaji huanza alfajiri, na kabla jua halijawa kali makapu yawe yamefika kwenye mitungi ya kuchemshia maua yatoe mafuta, maana ua lililolala halina kazi. Yeye sasa hakuchuma tena, lakini bado alitaka kila jambo liishe kabla ya adhuhuri. Alitupokea amesimama, na hakutupa hata nafasi ya kutua mizigo.

Wao walizungumza Kikomoro chao kilichochanganyika na Kimalagasi. Hapa naandika nilivyoelewa.

"Simama mlangoni," alimwambia mama. "Pale penye jua. Nini hicho usoni?"

"Liwa, dada. Jua la baharini lilikuwa kali." Mama alikuwa amejipaka msandali wa kusaga uso mzima, kama wanawake wote wa pwani yetu wanavyofanya wakisafiri.

"Kaoshe. Sikungoja miaka yote hii nije nitazame ukuta."

Mama akaosha. Akavua na ushungi. Mama mkubwa akamshika kidevu, akausogeza uso wake karibu, karibu kabisa, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. Alikuwa bado anaona kidogo, mwanga ukiwa mkali.

"Wewe, umezeeka!" akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sijioni, alhamdulillahi."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka na kulia, sikujua nifanye kipi kwanza.

Mama akatoa shuka, akaanza kuomba radhi kwa ile pembe. Mama mkubwa akalipokea, akasema zuri, ahsanteni, akaliweka kando, akarudi kwenye uso wa mdogo wake. Hakulikunjua hata upande mmoja. Kusema kweli niliudhika. Miezi minane! Halafu nikaelewa kwamba ule mwanga mdogo uliombakia hakuwa tayari kuupoteza kwenye kitambaa, na hasira ikaniisha.

Tulikaa wiki mbili. Kila siku, saa tatu mpaka saa tano, jua likiwa limejaa mlangoni, alimketisha mama kizingitini akamtazama. Wakati huo walichagua mchele, wakasengenya marehemu na walio hai. Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia, nikapiga magoti mbele yake. "Mama mkubwa, kosa ni langu. Kama si kufumua kwangu tungefika kabla ya mvua, ungemwona vizuri zaidi."

"Basi sogea, mwanangu," akanijibu. "Unaniziba mwanga."

Sijapata msamaha mzuri kuliko ule. Nashukuru kwa zile asubuhi kumi na nne. Wengine hawapati hata moja. Tangu hapo, nikisikia mtu anaumwa, nakwenda na mikono yangu hii mitupu, na watu waseme wanavyotaka.

Siku za mwisho mama mkubwa aliacha kumgeuza mama uso. Alimshika tu kidevu, akitabasamu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alitusindikiza mpaka bandarini, ameshikwa mkono na jirani. Tukapanda, tukapata nafasi upande wa mbele, karibu na nanga. Meli ilipopiga honi, alinyoosha mkono akaanza kutupungia. Alikuwa ameelekea nyuma ya meli, kwenye magunia, ambako hapakuwa na mtu, na alikuwa akicheka kwa furaha yake yote.

Nilitaka kupiga kelele kumwita. Mama akaniziba mdomo. Akaikusanya nguo yake, akawapita abiria kwa viwiko, akaruka makapu ya watu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akapanda juu ya yale magunia, akasimama pale pale mkono ulipokuwa ukielekea, akampungia.