Barafu ya Ubuyu Siku ya Mahari

Kucheka mtacheka, najua, na mimi mwenyewe sasa hivi nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini siku ile kule Vihingo, mbele ya wakwe wa mwanangu, mngenionyesha shimo lolote ningeingia na mfuniko ningejifunika mwenyewe. Aibu niliyoipata mimi, mama wa bwana harusi, ndani ya gauni jeupe la lesi, wallahi simwombei hata yule jirani yangu anayenitupia maji machafu mlangoni (na anajijua).

Hapa Tangini wananijua kwa barafu. Friji langu liko sebuleni, na barafu za vifuko ninazo za aina mbili, za maji na za ubuyu, na ubuyu wangu nikiupika unakuwa mwekundu hasa, watoto wa shule wakinyonya ndimi zinabaki na rangi mpaka jioni. Wengi wasichokijua ni kwamba mwenzenu nilikatwa ziwa. La kushoto. Nikapigwa dripu, nikapigwa mionzi, nywele zikaenda zikarudi, na mwisho daktari akanieleza kwamba kansa yangu ilikuwa ya ile aina inayojilisha kwa homoni za mwili wangu mwenyewe, kwa hiyo nitameza vidonge vya kuzuia hizo homoni, kimoja kila siku, kwa miaka. Nikasema alhamdulillah, kidonge ni nini kwa mtu aliyekwishakabidhi watoto kwa Mungu? Nipe nimeze.

Hawakuniambia kuhusu joto. (Naongopa, waliniambia, ila siku ile masikio yangu yalisikia neno moja tu, kwamba nitaishi.) Na joto lenyewe si hili la Pwani tulilozaliwa nalo. Hili linaanzia huku tumboni, linapanda kifuani, likifika shingoni uso unawaka kama nimesutwa, kisha jasho linamwagika nguo zinanata, halafu baada ya hapo nasikia baridi na kutafuta shuka. Magoti nayo yanalia nikiinuka. Kusahau ndiyo usiseme, naweza kufungua friji nikasimama pale sijui nimefuata nini, ingawa hapo sijilaumu sana, maana pana ubaridi. Na hasira! Baba Rajabu, mume wangu, mtu mpole yule, akiniona nimeanza kujipepea na mfuniko wa sufuria anachukua baragashia yake anakumbuka ana shughuli msikitini.

Siku moja kliniki nikamwambia nesi, sista, hivi nikiviacha hivi vidonge itakuwaje, maana vitaniua kabla ya kansa. Akaniuliza, "Mama, ulitaka kusikia joto au ulitaka usisikie chochote?" Kisha akaniambia nisiache hata siku moja bila kumwona daktari. Tangu hapo nikiwaka nalalamika, naam, mimi ni mlalamishi wa kuzaliwa, lakini nalalamika huku nashukuru.

Ndipo nikagundua dawa yangu. Kwenye sidiria, upande usio na kitu, huwa naweka ziwa nililoshona mwenyewe kwa pamba, na joto likija ile pamba inachemka kama nimebeba chapati ya moto. Nikaona kwa nini nisiweke barafu? Nikawa nachukua barafu ya maji, naifunga kwenye kitaulo (lazima uifunge, lile kovu lina ganzi, barafu ingenichoma ngozi nisijue), nachomeka, natoka zangu. Raha yake usipime. Wateja walikuwa wanashangaa, mama Rajabu siku hizi mbona umetulia.

Sasa Rajabu, mwanangu wa kwanza, akampata Zuhura. Binti ana adabu, ana kazi yake, kwao ni Vihingo, Kisarawe huko ndani, watu wa shamba na dini. Barua ikapelekwa, ikapokelewa. Lakini wazee wa kule hawakubali mahari mpaka waulize lao: upande wenu kuna maradhi gani? Shemeji Omari, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyekuwa mshenga, akaja kuniuliza ajibu nini.

Nikamwambia, "Sema wote wazima."

"Shemeji, na wewe je?"

"Mimi siolewi mimi. Sema wazima!"

Rajabu alinuna, akasema Zuhura hana shida, tuseme tu. Nikamwapisha anyamaze. Niliogopa, jamani. Niliwaza wakisikia mama mtu ana kansa watasema ukoo huo haufai, kesho itakuja kwa mjukuu wetu, na mwanangu atamkosa mke kwa sababu ya kifua changu. Nikaona ziwa limekwenda, hilo sawa, lakini lisiondoke na ndoa ya mtoto.

Siku ya kupeleka mahari ikafika. Wifi yangu Mwanahawa, dada yake mume wangu, alikuwa amechagua sare, magauni meupe ya lesi kwa wanawake wote wa upande wetu (nyeupe, na barabara ile ilivyo na vumbi, lakini Mwanahawa ukimbishia anakupigia simu mpaka usiku). Asubuhi nimemeza kidonge changu, nimevaa, nimejifukiza udi, nafungua friji nichukue barafu yangu ya maji. Hamna! Mwanahawa alikuwa amezibeba zote akazitia kwenye ndoo ya juisi ya wasafiri.

Zimebaki za ubuyu.

Na joto ndiyo hilo linaanza kupanda, na gari linapiga honi nje, na Mwanahawa anaita "Mama Rajabu, tunachelewa!" Nikasema potelea mbali, barafu ni barafu. Nikachukua moja ya ubuyu, nikaifunga kwenye kitaulo, nikaichomeka. Hapo ndipo nilipoharibu, na kama kuna mtu angenishika mkono dakika ile leo ningemfungulia duka.

Tukampitia Shemeji Omari Visiga, tukafika Mlandizi, tukaiacha lami. Vioo tukavifunga kwa sababu ya zile lesi. Gari likawa tanuri, watu wote wanahema, mimi nimekaa natabasamu, ubaridi wangu uko kifuani, najiona mjanja kuliko wote. Mashimo yale ya barabarani yalivyokuwa yananirusha na kunibana na mkoba wa mtu, sikuwaza hata kidogo kwamba kifuko cha barafu nacho kina mwisho wake.

Tulipofika tukapokelewa vizuri, shikamoo na marahaba mpaka basi, wanaume wakakaa barazani, wanawake tukaingizwa ndani kwenye mikeka. Kupitia dirishani nikamsikia Mzee Kondo, baba yake Zuhura, anarudia swali lake mbele ya mashahidi, na Shemeji Omari anajibu kwa sauti ya mwenye hotuba, "Wote wazima, mzee, tena wazima wa afya!" Moyo ukatulia. Nikajua limepita.

Ikafika zamu yangu ya kukabidhi mkaja. Mkaja ni ile kanga ya kumshukuru mama wa binti kwa tumbo lililombeba mtoto, na anayeukabidhi ni mama wa mwanamume, kwa mikono miwili. Nilikuwa nimenunua doti nzuri, maandishi yake WEMA HAUOZI, bado haijakatwa. Nikaiweka kwenye sinia, nikainuka, magoti yakalia, nikamwendea Mama Zuhura polepole kwa maringo kama bibi harusi ni mimi. Vigelegele vikapigwa. Kisha vikakatika.

"Damu!" Mwanahawa akapiga ukelele. "Jamani, Mama Rajabu anatoka damu!"

Nikatazama chini. Lesi yote kuanzia kifuani mpaka kiunoni nyekundu, inatiririka, na mimi kovu langu na ganzi yake halikunitonya hata kidogo. Nikasema, "Si kitu, endeleeni." Endeleeni! Mtu amelowa mwekundu hivi halafu anasema endeleeni! Ndiyo kwanza wakazidi kupiga kelele. Nikalazwa kwenye mkeka kwa nguvu, mmoja ananipepea, mwingine ananisomea, Mwanahawa analia kama msiba umeshatangazwa, na huko nje Mzee Kondo anagonga mlango, "Mgonjwa nani humo? Gari liwashwe?"

Mama Zuhura, mwanamke mwenye mikono ya jembe, akaanza kunifungua vifungo aone jeraha. Nikalishika gauni. Yeye anafungua, mimi nafunga, yeye anafungua, mimi nafunga, mpaka katika vuta nikuvute ile sidiria ikasogea, na pwaa, kitaulo kikaanguka mkekani, na ndani yake kile kifuko kimepasuka na kipande cha barafu bado kimo.

Mama Zuhura akakiokota. Akakinusa.

"Mbona huu ni ubuyu?"

Na mimi, kwa akili zangu zote, nikajibu, "Ndiyo, ni wa biashara."

Hakuna aliyecheka. Maana gauni lilikuwa wazi, na wote walikuwa wanaona palipotakiwa kuwa na ziwa. Nikasikia joto linapanda, la vidonge au la aibu sijui, na machozi yakanitoka. Nikaona nimekwishavuliwa nguo, nimebakiza nini cha kuficha? Nikawaambia. Kansa, kisu, vidonge, joto, barafu, yote. Nikamwambia Mama Zuhura, "Mshenga wetu hana kosa, mimi ndiye niliyemtuma aseme wazima. Nilihofia mtamkataa mwanangu. Kama ni kukataa mkatae leo, lakini Rajabu alitaka niseme tangu mwanzo."

Akakiweka kile kifuko chini. Nikahesabu ndoa imekufa.

Halafu akaniuliza, "Mwenzangu, hivyo vidonge unavimeza kila siku?"

"Kila siku. Hata leo."

"Dada yangu alikuwa na uvimbe," akasema. "Hakumwambia mtu. Sisi tulikuja kuuona siku tunamwosha."

Mwanahawa mwenyewe akaacha kulia, na hilo si jambo dogo. Mama Zuhura akaichukua ile doti ya mkaja kutoka kwenye sinia, akaung'ata ukingo kwa meno katikati, akaichana mpaka mwisho, vikawa vipande viwili. Kimoja akajifunga yeye. Cha pili akanifunga mimi kifuani, juu ya ubuyu na vyote, akakaza fundo kama ananifunga mtoto wa darasa la kwanza.

"Mkaja ni wa mama aliyeumia kwa ajili ya mtoto," akasema. "Sasa mimi nitauvaaje peke yangu?"

Nililia mimi! Nililia kwa sauti, nikamkumbatia yule mwanamke, na ubuyu ukamwingia na yeye kwenye gauni. Akatoka nje kwenda kumweleza mumewe, na sisi ndani tukatega masikio. Tukamsikia Shemeji Omari anakohoa kikohozi cha mtu aliyekamatwa. Tukamsikia Mzee Kondo anauliza kwa utaratibu, mgonjwa anatibiwa? Anatibiwa. Anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Akasema, "Basi mtu akiumwa na kutibiwa huyo ni mzima, mshenga hakukosea sana. Leteni mahari." Halafu akaongeza kwa sauti tuliyoisikia wote, "Na huo ubuyu, umebaki? Jua la leo kali."

Hapo ndipo watu walipocheka, na wakacheka, mpaka Mwanahawa akakaa chini kwenye lesi yake nyeupe. Nikala pilau nimejifunga kanga ya mkwe wangu, joto limepanda mara mbili, na kila likipanda wanawake watatu wananipepea kwa pamoja, mimi niliyekuwa naenda kujipepea chooni nisionekane.

Rajabu na Zuhura sasa wana nyumba yao. Siku ya harusi mimi na mama yake tulivaa kila mtu kipande chake, na changu kina doa la ubuyu lisilotoka kwa sabuni yoyote, nami nimeacha kulisugua. Vidonge bado namalizia miaka yangu. Magoti yanalia, joto linakuja linapotaka, na nimeapa mbele ya friji langu kwamba ubuyu ni wa kuuza na kunyonya, basi.

Na kila jioni, niwe nimekumbuka au nimesahau, simu inaita kutoka Vihingo.

"Mama Rajabu, umemeza?"

"Nimemeza, dada."

"Na kifuani umeweka nini?"

"Maji, dada. Maji matupu."